Si Yetu na Si za Watu

Kijito chenyewe kiko njia ya Machame, siku ya pili ya safari, pale ambapo miti mirefu ya msitu imeshaisha na vichaka vya baridi vimeanza. Mgeni wetu alikuwa mama wa Kihispania, mwalimu mstaafu, mwenye kidaftari kidogo alimoandika kila neno la Kiswahili alilolisikia. Alikuwa ameshapata "maji", "pole pole", "twende" na "asante sana". Alipofika kijitoni akakinyooshea kidole, akafanya ishara ya kunywa, akauliza: "Maji?"

Kijana mmoja wa wagumu, maana ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro tunavyoitana, akamjibu kwa sauti ya chini na ya heshima, kama anavyomjibu mama yake: "Si mazuri, mama. Si ya kunywa."

Mama akatabasamu. "¡Sí! Gracias." Akazamisha chupa.

Nilikuwa nyuma yao hatua kama ishirini. Wakati ule nilikuwa msaidizi wa kiongozi. Nilipofika, mama alikuwa ameshameza mafunda mawili makubwa, na kijana alinigeukia na uso wa mtu aliyeonewa: "Kaka, si nimemkataza!" Usiku ule pale kambi ya Shira tumbo lilimsumbua mgeni wetu, tukamchemshia maji na kumpa chumvi na sukari, asubuhi akaamka mzima. Lakini lile neno halikuniacha. Watu wawili wenye nia njema wamesimama kando ya maji yaleyale, mmoja anasema "si" akimaanisha usiguse, mwingine anasikia "sí", ndiyo ya kwao, akielewa karibu.

Leo sipandi tena. Ninafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Moshi, na jioni ninafundisha vijana wa mlimani maneno ya Kihispania na Kiitaliano ya kuwatosha kazini. Kila darasa, la huku na la kule, lazima tusimame kwenye neno hili la herufi mbili. Na kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Mbuyuni, ambako hakuna jambo lisilojadiliwa, mzee mmoja tunayemwita Meku aliwahi kunikatia hukumu: "Mwanangu, hiyo 'si' mliletewa na Wareno. Walikuja na 'sim' yao, ndiyo ya kwao, Waswahili wakaigeuza." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nadharia ile ilipendeza, ilikuwa na bahari ndani yake na majahazi, na haikuwa kweli. Nimeandika makala haya kwa ajili ya kijiwe kile, na kwa yeyote aliyewahi kujiuliza imekuwaje neno moja likawa hapana huku na ndiyo kule.

Tuanze nyumbani, maana wengi wetu hatujawahi kuitazama "si" yetu kwa karibu.

Kazi yake ya kwanza ni kuipinga "ni". Haibadiliki kwa nafsi wala kwa ngeli: mimi si mwizi, wao si wezi, mti huu si mkavu, maji haya si mazuri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa mtu anayejifunza Kiswahili, akiwa amechoshwa na ngeli, "si" ni pumziko.

Kisha inaingia kwenye kitenzi, na hapo inakuwa mali ya mtu mmoja tu: mimi. Sijui, sitaki, sikuja, sitakwenda. Nafsi nyingine zote zinakanusha kwa "ha": hatujui, hamjui, hawajui, hata "hujui" ni "ha" na "u" vilivyoungana. Kwa mpango huo, mimi ningepaswa kusema "hanijui", na wanafunzi wangu wa kigeni husema hivyo karibu wote katika wiki ya kwanza. Kuna binti alikataa chai nyumbani kwa watu kwa kusema "hanitaki", na wenyeji wake wakahuzunika wakidhani kuna mtu amemwacha. Kwa maana "hanitaki" tayari lina kazi yake: yeye hanitaki mimi. Hiyo "si" ya mimi inatuepusha na mkanganyiko ambao mzawa hajui hata kama upo.

Halafu inajificha katikati ya maneno: usiende, asiyesikia la mkuu, usipoziba ufa. Inasimama yenyewe katika misemo tunayoitoa mdomoni bila kufikiri: si haba, si kitu, si mzima si mgonjwa, siku si nyingi. Huo wa mwisho ninaupenda kuliko yote. Ukisema "siku si nyingi utamwona", umesema kwamba muda umekaribia kwa kukanusha tu kwamba siku ni nyingi, na msikilizaji ameelewa kwamba ajiandae.

Kuna nyingine ambayo ni ndugu wa kupanga tu: "si" iliyo kifupi cha "sisi". "Si tunaondoka alfajiri" ni sisi tunaondoka alfajiri. Ukisema "si sote", inaweza kuwa sisi sote, na inaweza kuwa wengine tu. Kwa maandishi huwezi kujua, lakini mdomoni sauti inatofautisha. Kiongozi akisema "si sote tutafika kileleni" mbele ya kundi, kila mmoja amesikiliza kwa makini mno ile sauti.

Na kuna ile ya kijana wetu: "Kaka, si nimemkataza!" Hapa "si" haikanushi chochote. Kijana anathibitisha, tena kwa nguvu kuliko kama angesema "nimemkataza" peke yake. Mama anayemwambia mtoto "si nilikwambia?" hasemi kwamba hakumwambia. Namna rahisi ya kuielewa ni kuirefusha: je, si kweli kwamba nilikwambia? Ni swali linalodai jibu moja tu, nalo ni ndiyo. Mtu akilitumia vya kutosha, lile swali linayeyuka, inabaki nguvu yake. Ukimtafuta mtu mnadani, mwenzako akamwona, atakuambia: "Si huyo hapo!" Yupo pale. Kwa hiyo neno letu la kukana, likikaa mwanzoni mwa sentensi na sauti ikipanda kidogo, linageuka kuwa neno la kusadikisha. Shikilia hilo, tutalirudia tukifika Ufaransa.

Sasa, dai la Meku. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na Vasco da Gama, wakajenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakang'olewa mwaka 1698. Waliacha maneno kweli: meza, bendera, leso, mvinyo, na gereza ambalo asili yake ni neno lao la kanisa. Angalia maneno hayo ni ya namna gani. Ni vitu. Mgeni akija na kitu ambacho hukuwa nacho, unakichukua pamoja na jina lake. Lakini watu hawakungoja merikebu kutoka Lisbon ndipo wajue kusema "sijui".

Hoja hiyo peke yake haitoshi, nakubali, kwa sababu lugha huweza kuazima hata neno la kukataa. Sisi tuna "la" tuliyoipata kwa Waarabu. Ushahidi wa kweli uko bara, mbali na ngome za Wareno za pwani. Nenda Kampala umuulize mtu jambo asilolijua, atakujibu "simanyi". Hiyo "si" ni ileile, imekaa mahali palepale na kubeba nafsi ileile: mimi sijui. Kiganda kinasema pia "si musomesa", si mwalimu. Ukienda Kigali, asiyetaka kitu atakuambia "sinshaka". Shuka Malawi, Kichewa kinasema "sindikudziwa", sijui, na "si bwino", si vizuri. Kichewa kimekwenda mbali kuliko sisi, kimewapa hiyo "si" watu wote: hatujui ni "sitikudziwa". Lugha hizi zimetapakaa kutoka Ziwa Viktoria hadi Ziwa Nyasa, na haiwezekani zote ziwe zimeazima kwa Mreno neno la ndiyo, zikaligeuza kuwa siyo, zikaliingiza ndani ya kitenzi mahali pamoja. Zimerithi kutoka kwa bibi mmoja.

Kikuyu ndicho kinachonifurahisha zaidi, kwa sababu kwa haraka kinaonekana kuniharibia kesi. Wao hawasemi "si". Wanasema "ti". Mtu akiwa si mwema, ni "ti". Je, si ushahidi kwamba hatuna undugu? Subiri. Msitu kwa Kikuyu ni "mũtitũ". Weka maneno mawili hayo kando kwa kando, msitu na mũtitũ, uone: palipo na "si" yetu, wao wana "ti". Sauti ya zamani ilikuwa "t" mbele ya "i" ya juu sana, Kiswahili kikaisugua mpaka ikawa "s", Kikuyu kikaiacha. Kwa hiyo "ti" ya Kikuyu na "si" yetu zimetofautiana kwa mpangilio uleule uliotofautisha majina ya msitu. Hivyo ndivyo wataalamu wa lugha wanavyomtambua ndugu. Hawatafuti sura moja, maana wapita njia wawili wanaweza kufanana na kaka wawili wasifanane. Wanatafuta tofauti inayojirudia kwa utaratibu.

Hapa Uchaggani, kwa taarifa yako, mambo yana sura nyingine. Katika baadhi ya lahaja za Kichagga kijineno cha kukanusha hukaa mwishoni kabisa, baada ya kila kitu kusemwa. Msikilizaji asiyezoea anaweza kudhani amekubaliwa, mpaka neno la mwisho lidondoke. Nimeona mashemeji kutoka nje wakitabasamu mapema.

Tuvuke bahari. Warumi wa kale, waliosema Kilatini, hawakuwa na neno moja la "ndiyo". Ukimuuliza mtu "Unakuja?" alijibu "Ninakuja", alirudia kitenzi. Sisi bado tunafanya hivyo kila siku: "Umekula?" "Nimekula." Au alisema neno fulani la kuunga mkono, na mojawapo lilikuwa "sic", maana yake "hivyo" au "ndivyo". Hilo "sic" ndilo mzazi wa "sì" ya Waitaliano, "sí" ya Wahispania na "sim" ya Wareno. Ile "c" ya mwisho ilianguka njiani.

Lakini Kilatini kilikuwa pia na neno jingine kabisa, "si", lenye maana ya "ikiwa". Watoto wa Kilatini wamegawana urithi huo kila mmoja kwa namna yake. Kihispania kimechukua yote mawili, na kwa sababu sasa yanafanana, kinayatenganisha kwa alama ndogo juu ya irabu. "Si viene, dirá que sí": akija, atasema ndiyo. Ya kwanza ni ile "-ki-" yetu ya masharti, ya pili ni ndiyo. Kiitaliano kimegeuza "ikiwa" kuwa "se", lakini kikapata "si" nyingine isiyo na alama, yenye kurejea kwa mtendaji au kwa watu kwa jumla. "Sì, si mangia bene": ndiyo, hapa watu hula vizuri. Vijana wangu wa darasa la jioni huandika sentensi hiyo ubaoni na kuipigia mstari mara mbili, kwa sababu Mwitaliano aliyekula ugali na mchicha wa mpishi wetu kambini husema hivyo hasa. Warumania nao walilichukua lile "hivyo" wakalifanya "și", likitamkwa "shi", na kwao ni kiungo "na". Kwa ndiyo wakaazima "da" ya majirani zao Waslavoni. Kwa hiyo kule "hivyo" imekuwa "na", kwingine imekuwa "ndiyo", na zote zimetoka tumbo moja.

Neno hili la kukubali lilikuwa na uzito kiasi kwamba watu waliziita lugha kwa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1300 mshairi Dante Alighieri wa Florence, akiandika juu ya lugha za watu wa kawaida, alizigawa lugha za kusini mwa Ulaya kwa jinsi zinavyosema ndiyo: wale wa "oc", wale wa "oïl", na wale wa "sì". Katika utenzi wake mkuu aliiita Italia nchi nzuri ambako "sì" inasikika. Kusini mwa Ufaransa mpaka leo kuna eneo linaloitwa Languedoc, yaani lugha ya oc. Na "oïl" ya kaskazini ndiyo iliyokuja kuwa "oui" tunayoijua.

Hebu tazama hiyo "oc" kwa jicho la Kiswahili. Inatoka kwenye Kilatini "hoc", maana yake "hili" au "hiki". Mtu wa kule alipokubali alikuwa anasema: hili. Na sisi tunasema nini? "Ndiyo" ni "ndi-", kijineno cha kusisitiza kuwapo, pamoja na "-yo" ya kurejelea jambo lililotajwa. Hiyo hasa. Ni sawa na ndicho, ndiye, ndipo. Waswahili hawakukutana na watu wa Languedoc, lakini wote walipotafuta namna ya kukubali walikwenda kuchota kisima kimoja: kulinyooshea kidole jambo lililosemwa. Kwa kinyume chake, "hapana" ni "ha-pa-na", yaani mahali hapo hapana kitu. Ninapowaeleza wanafunzi hivyo huwa wananyamaza kidogo, halafu mmoja anasema neno lile taratibu kama analionja.

Sasa Ufaransa, kama nilivyoahidi. Kifaransa kina "si" ya "ikiwa", ndiyo iliyomo ndani ya tafadhali yao, "s'il vous plaît", yaani ikikupendeza. Lakini kina "si" nyingine, mtoto wa "sic", yenye kazi moja mahususi: kumpinga mtu aliyekanusha. Kwa swali la kawaida unajibu "oui". Mtu akikuambia "Hukula," na wewe umekula, hujibu "oui", unajibu "Si, j'ai mangé!" Kwa Kiswahili cha Moshi ungejibuje? "Si nimekula!"

Isome tena. Mfaransa na Mchagga wamekaa kwenye meza moja, kila mmoja anatuhumiwa kwamba hajala, na wote wawili wanajitetea kwa silabi ileile mahali palepale, kwa nguvu ileile. Mmoja ameanza na "hivyo ndivyo" ya Warumi akafika hapo. Mwingine ameanza na "siyo" ya Wabantu, akapitia kwenye swali, akafika hapo. Hawana undugu wala hawakuazimana. Kama kuna mfano mmoja ambao ningeupeleka kijiweni kumwonyesha Meku jinsi sadfa inavyoweza kuvaa nguo za undugu, ni huu.

Kuna "si" ambayo wanakwaya wataijua, au tuseme wataikosa. Katika karne ya 11 mtawa wa Kiitaliano, Guido wa Arezzo, alitafuta njia ya kuwafundisha waimbaji haraka. Alichukua utenzi wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji ambao kila mstari ulianza sauti moja juu ya uliotangulia, akazipa sauti majina ya silabi za kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Sauti sita. Ya saba ilikuja kupewa jina baadaye kwa herufi za mwanzo za maneno ya mwisho ya ubeti wa kwanza wa utenzi huo, Sancte Iohannes, Mtakatifu Yohana. S na I: si. Ile ut ikaja kugeuzwa do, na mpaka leo Mwitaliano na Mfaransa huimba do, re, mi, fa, sol, la, si.

Kwaya zetu za Kilimanjaro husema "ti". Ukikuta ubao wa mwalimu wa kwaya, umejaa d, r, m, f, s, l, t na nukta pacha katikati. Ile "t" ina historia yake. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alitengeneza katika karne ya 19 mfumo wa kuandika nota kwa herufi, na akakuta "so" na "si" zote zinaanza kwa "s". Akaibadilisha ya pili kuwa "ti". Mchungaji John Curwen akauendeleza mfumo huo na kuueneza, na ukasafiri na wamisionari mpaka kwenye makanisa yetu. Kwa hiyo sauti ya saba anayoiimba mama wa alto pale Moshi kila Jumapili ilipoteza jina la Yohana kwa sababu ya ufinyu wa herufi.

Mashariki ya mbali mambo yanakuwa mazito. Kichina kikiandikwa kwa herufi za Kilatini kina "sì", nne, yenye sauti inayoshuka kwa ghafla, na "sǐ", kufa, yenye sauti inayozama chini. Irabu yenyewe si "i" yetu, ni kama mvumo unaobaki kwenye meno. Kwa Mchina ni maneno mawili tofauti kabisa, kama "baba" na "bibi" kwetu, lakini yamekaribiana kiasi cha kuogofya, na ndiyo maana huko majengo mengi hayana ghorofa ya 4. Wajapani waliyachukua yote mawili kutoka Kichina, kwao yakawa "shi", sasa bila hata tofauti ya sauti ya kuyatenga, na hofu ikahama pamoja nayo. Wakorea wana "si" kwa saa, kwa shairi na kwa jiji, kila moja kutoka alama tofauti ya Kichina.

Kiajemi kina "si", thelathini. Nisingeitaja kama isingekuwa mshairi Farid al-Din Attar wa Nishapur. Alisimulia jinsi ndege walivyofunga safari ngumu kumtafuta mfalme wao, Simurgh. Wengi walikufa au kukata tamaa njiani, wakafika 30. Walipotazama mbele ya kiti cha mfalme walijiona wenyewe: "si murgh", ndege thelathini. Kisa kizima kinasimama juu ya silabi moja. Kukitafsiri kwa Kiswahili kunauma, maana ukisema "thelathini" umepoteza mlango wa kuingilia.

Nyingine nitazipitia kwa mwendo wa daladala. Kialbania: "Si je?" ni hujambo, na "si" yenyewe ni "vipi". Kislovakia: "ty si" ni wewe ni, kwa hiyo kule "si" inathibitisha kuwapo kwa mtu, ambapo kwetu inakufuta. Ufilipino, Kitagalogi huweka "si" mbele ya jina la mtu, si Maria, si Pedro, na Mswahili akisikia anadhani kuna ugomvi wa nani hakufanya. Kiindonesia husema "si kecil", yule mdogo, kwa mapenzi. Kizulu kina "si-" ya sisi: "siyabonga", tunashukuru. Na kuna zile ambazo si za lugha yoyote ya nyumbani: Si ya wakemia, alama ya silikoni iliyomo kwenye mchanga na ndani ya simu yako, na SI ya vipimo vya kimataifa, jina lililopitishwa mwaka 1960 kutoka Kifaransa, ndiyo inayotuwezesha kuandika kwamba kilele cha Uhuru kina mita 5,895 na kila mtu duniani akaelewa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini silabi hii ipo kila mahali. Jibu langu ni hili. Kila lugha ina maneno inayoyatumia mamia ya mara kwa siku: ndiyo, siyo, mimi, wewe, kama, na. Neno linalotumika sana huchakaa na kufupika, kama ngazi ya mawe inavyolika pale nyayo zinapokanyaga. Likishafupika linabaki konsonanti moja na irabu moja. Sauti "s" na sauti "i" ni miongoni mwa zile zinazopatikana katika lugha nyingi mno. Dunia ina lugha zipatazo 7,000. Ukiwapa watu wote hao matofali machache yaleyale na kuwaambia kila mmoja ajenge kibanda cha chumba kimoja, vibanda vitafanana. Ajabu ingekuwa visifanane.

Ndiyo maana nabishana na ule mtindo wa kuchukua maneno mawili yanayofanana na kutangaza kwamba moja limetoka kwa lingine. Hudhuru zaidi lugha zetu, kwa sababu mara nyingi anayedhaniwa kuwa mwazimaji ni sisi. Kiswahili kimeazima sana, hakuna aibu katika hilo. Lakini "si" ya "sijui" tulikuwa nayo kabla ya meza na kabla ya bendera.

Nilipompelekea Meku habari za Kampala, Kigali na Malawi, alisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Nilipofika kwenye msitu na mũtitũ akanisimamisha, akamwita kijana wa Kikuyu anayeuza viatu vya mtumba upande wa pili wa barabara. "Wewe, msitu kwenu mnaitaje?" Yule akajibu. Meku akalirudia neno mara mbili, akageuka kwangu. "Na mchanga je? Na mbuzi?" Tulikaa pale mpaka adhuhuri.

Darasani nimebadilisha namna ninavyowafundisha wagumu. Ninawaambia: mbele ya Mhispania au Mwitaliano, usianze sentensi ya hatari na "si". Anza na "hapana", na mkono uonyeshe. Hapana, usinywe. Hapana, usikanyage. Baada ya hapo Kiswahili chako kiendelee kama kawaida. Ninawaonya pia kuhusu maswali ya kukanusha. Ukimuuliza mgeni "Hujachoka?" naye akajibu ndiyo, usichukue begi lake wala usimwache, muulize upya. Sisi "ndiyo" yetu inaunga mkono sentensi nzima: ndiyo, sijachoka. Wengi wao "ndiyo" yao inamaanisha amechoka. Juu ya mita 4,000 tofauti hiyo si ya vitabuni.

Yule mama wa kijito alifika Uhuru. Tulishuka kwa njia ya Mweka, na pale getini, wakati wa kugawa vyeti, kijana yuleyule aliyemkataza maji akaamua kumtania. Alikificha cheti nyuma ya mgongo, akakunja uso. "Wewe mama, hukufika kileleni."

Mama hakufungua kidaftari. Alijinyoosha, akapiga ardhi kwa fimbo yake, na kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye magari akasema: "¡Sí, nilifika!"

Kijana alisikia "Si nilifika!", Kiswahili kisicho na kasoro hata moja, akaduwaa, akampa cheti kwa mikono miwili.